Jasho kwanza, baridi baadaye: namna ya kuchagua nguo nyepesi za matabaka kwa safari za milimani

Mara ya kwanza nilipobeba begi la siku tatu mgongoni, nilivaa fulana nzito ya pamba na juu yake jaketi nene, kwa sababu asubuhi kulikuwa na baridi na sikutaka kuanza safari nikitetemeka. Baada ya saa moja ya kupanda, mgongo wote ulikuwa umelowa chapachapa. Sikusimama kuvua. Wenzangu walikuwa wametangulia na niliona aibu kuwachelewesha. Tulipotokea juu kwenye ukingo wa mlima, upepo ukanipiga kifuani, na ndani ya dakika kumi vidole vyangu vilishindwa kushika zipu. Mvua haikuwa imenyesha hata tone. Maji yote yale yalikuwa yangu mwenyewe.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye jasho. Mtu anayepanda mlima na mzigo hutoa joto jingi kuliko yule aliyekaa juu ya jiwe akinywa maji, na watu hao wawili ni wewe yuleyule, kwa tofauti ya dakika tano. Koti moja nene lina hali mbili tu: umelivaa au umelivua. Nguo tatu nne nyembamba zinakupa hali nyingi katikati. Tena hewa iliyotulia kati ya nguo na nguo ndiyo inayohifadhi joto, wakati maji huondoa joto mwilini haraka kuliko hewa hiyo, karibu mara 25. Fulana iliyolowa inaweza kuharibu kazi ya kila kitu ulichovaa juu yake.

Jambo lenyewe ni la zamani. Mpanda milima Mwingereza George Mallory alipopotea kwenye Everest mwaka 1924 hakuwa na koti moja zito. Mwili wake ulipopatikana mwaka 1999, mabaki ya nguo zake yalionyesha hariri, pamba na sufu, nguo nyembamba juu ya nyingine, na gabadini ya kukinga upepo juu ya zote. Tangu enzi zake vitambaa ndivyo vilivyobadilika zaidi.

Hatua ya 1: Anza na ramani kabla ya kabati

Utabiri wa hali ya hewa tunaousoma kwenye simu kwa kawaida ni wa mji ulio chini ya mlima. Ukipanda, joto hushuka kwa wastani wa nyuzijoto 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo kama mji uko mita 1,500 na joto lake la asubuhi ni nyuzijoto 18, na kambi yako iko mita 3,300, umepanda mita 1,800. Toa kama 12, inabaki 6. Hapo hujaweka upepo wala usiku.

Andika mambo manne kwenye karatasi: mahali pa juu kabisa utakapofika, mahali pa juu kabisa utakapolala, joto la chini la usiku, na uwezekano wa mvua na upepo. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuamulia. Watu wengi hufanya kinyume, wananunua jaketi kwanza kisha wanatafuta mlima wa kulipeleka.

Hatua ya 2: Toa nguo zote, zipime, kisha zipulize

Mizani ya jikoni inatosha. Usiamini uzito ulioandikwa kwenye lebo, maana mara nyingi ni wa saizi ya kati, na wewe huenda si wa saizi hiyo. Andika gramu za kila nguo, halafu iulize kila moja: unafanya kazi gani ambayo mwenzako haifanyi? Sweta mbili za unene mmoja zinafanya kazi moja. Ukiwa na moja na jaketi jepesi la kukinga upepo, kwa uzito mdogo zaidi utakuwa na joto zaidi kuliko kwa sweta mbili.

Baada ya kupima, zipulize. Ndiyo, kwa mdomo. Bana kitambaa kwenye midomo yako na upulize kwa nguvu. Hewa ikipita bila shida, nguo hiyo ni ya kutembea nayo: jasho litatoka, lakini upepo nao utaingia. Hewa ikikataa kabisa, hiyo ni ya mvua au ya kukaa. Ikipita kwa shida, kama unapuliza kupitia leso iliyokunjwa mara kadhaa, umepata kitu cha thamani, na nitakirudia kwenye hatua ya 4. Kipimo hiki hakigharimu chochote na kimeniokoa na nguo nyingi zenye maneno matamu kwenye lebo.

Hatua ya 3: Nguo ya kugusa ngozi

Kazi ya tabaka hili ni kuondoa jasho kwenye ngozi na kulitandaza likauke. Ukinunua fulana ya ndani kwa sababu ni nene na inapendeza kuishika, umekosea njia mapema.

Pamba iache nyumbani, pamoja na jinzi. Pamba hunywa maji na kukaa nayo. Ukipatwa na baridi ikiwa imelowa, inakuwa kama kitambaa cha kumshushia mgonjwa homa. Kuna mahali inapofaa: jangwani mchana, kwenye joto kavu, ambako kupozwa ndiko unakokutaka. Ila jangwa hilohilo usiku hubadilika, kwa hiyo hata huko uwe na nguo nyingine ya jioni.

Zinabaki poliesta na sufu ya merino, yaani sufu laini ya kondoo wa aina hiyo, na mashabiki wa pande zote mbili hubishana kama watu wa mpira. Poliesta hunyonya maji kidogo sana ndani ya nyuzi zake, chini ya asilimia moja ya uzito wake, kwa hiyo hukauka upesi, ni imara na ni nyepesi. Kasoro yake ni harufu. Siku ya pili utajijua, siku ya tatu mwenzako wa hema atajua zaidi. Merino inaweza kunyonya mvuke unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla hujahisi umelowa, hainuki haraka, na haikupozi ghafla unaposimama. Haiwashi kama sweta za zamani kwa sababu nyuzi zake ni nyembamba, chini ya maikroni 20 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) au karibu na hapo, na ncha za uzi mwembamba hivyo hujikunja zikigusa ngozi badala ya kuichoma. Kasoro zake ni mbili: hukauka polepole, na ile nyembamba ya gramu 150 kwa mita ya mraba hutoboka mapema, hasa pale mkanda wa begi unaposugua kiunoni.

Uamuzi wangu, nawe unaweza kuupinga: kwenye joto na mvua nyingi, poliesta nyembamba, kwenye baridi kavu au safari ya siku nyingi bila kufua, merino au mchanganyiko wa merino na nailoni. Nailoni humpa merino uhai mrefu.

Mikono iwe mirefu. Mwanga wa jua unaounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na kitambaa chenye alama ya UPF 50 hupitisha sehemu moja tu kati ya 50 ya mionzi hiyo. Mkono mrefu unaweza kuupandisha. Mfupi huwezi kuushusha. Zipu ya robo kifuani ni gramu chache zinazolipa, kwani kuifungua ni haraka kuliko kuvua nguo yoyote. Na geuza fulana uangalie mabega: mshono unaopita juu kabisa ya bega, chini ya mkanda wa begi, utakuandikia mstari mwekundu kabla ya chakula cha mchana.

Hatua ya 4: Jaketi la upepo, nguo ambayo wengi huiruka

Ukiniambia nibaki na nguo moja tu juu ya fulana, nikiwa natembea, hii ndiyo nitakayoishika. Ni nailoni nyembamba kama karatasi ya kufungia zawadi, yenye uzito wa gramu 60 hadi 120, inayokunjika ikawa kama ngumi ya mtoto. Haizuii mvua. Haina joto lolote ndani yake. Ukiiangalia dukani utajiuliza kwa nini mtu ailipie.

Upepo huchukua ile hewa yenye joto iliyo karibu na ngozi yako na kuipeleka zake. Jaketi hili huizuia isichukuliwe, huku likiacha mvuke wa jasho utoke kwa kiasi. Ndilo lile lililopita kwa shida kwenye kipimo cha kupuliza. Likikataa hewa kabisa, utakuwa umejifunga kwenye mfuko wa plastiki. Likipitisha sana, halina maana. Ukitembea kwenye ukingo wenye upepo kwenye nyuzijoto 8, fulana ya ndani na hili zinaweza kutosha saa nzima, ilhali flisi, ile sweta laini ya poliesta yenye manyoyamanyoya, ingekupikia jasho na koti la mvua lingekutumbukiza kwenye maji yako.

Chagua lenye kofia ya kuvuta juu ya kichwa, lastiki mikononi na zipu ndefu. Mifuko si lazima, ila mmoja wa kifuani ambao jaketi lenyewe hukunjwa ndani yake ni raha. Mimi hulitundika kwenye mkanda wa begi. Nalivaa bila kusimama, nikiwa natembea, mkono mmoja kwanza.

Hatua ya 5: Joto la kutembea na joto la kukaa

Hapa ndipo mzigo wa nguo huongezeka bila sababu, maana watu huchanganya kazi mbili. Nguo ya joto unayotembea nayo lazima ipumue. Nguo ya joto unayokaa nayo kambini lazima ihifadhi joto jingi kwa uzito mdogo. Ni vigumu kwa nguo moja kuzifanya zote mbili vizuri.

Kwa kutembea, chukua flisi nyembamba, ikiwezekana ile yenye vijisanduku vidogo upande wa ndani kama karatasi ya hesabu. Vijisanduku huhifadhi hewa, na mifereji kati yake hupitisha mvuke. Gramu 180 hadi 280 zinatosha. Flisi ikilowa, ikamue, itikise, ivae, itakauka mwilini. Usinunue ile nene yenye bitana ya kuzuia upepo. Ni nzito, inajaza begi, na huwezi kutenganisha kazi zake mbili pale unapohitaji moja tu.

Kwa kukaa, chukua koti la kujazwa, liwe la manyoya laini ya bata au la nyuzi za viwandani. Manyoya ndiyo mabingwa wa uzito: hakuna kinachokaribia joto lake kwa gramu. Yakilowa, hujikunja yakawa uji na joto hukwisha. Nyuzi za viwandani ni nzito kidogo na huzeeka mapema kwa kukandamizwa, lakini zikilowa bado zinakusaidia. Kwa safari ya siku nyingi za mvua na hewa yenye unyevu, nenda na nyuzi za viwandani. Kwingineko chukua manyoya na uyalinde ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Makoti ya manyoya huandikwa namba kama 600, 700, 800. Namba hiyo ni ujazo, kwa inchi za ujazo, ambao aunsi moja ya manyoya, yaani gramu 28, hufikia ikitanuka. Kadiri namba ilivyo kubwa ndivyo manyoya machache yanavyojaza nafasi kubwa. Lakini wauzaji hupenda kuitangaza namba hiyo na kunyamaza kuhusu nyingine: kiasi cha manyoya kilichomo. Koti la 850 lenye gramu 50 za manyoya litapoza mtu pale ambapo la 650 lenye gramu 150 litamfariji. Tafuta namba zote mbili. Ukikosa ya pili, lilaze koti mezani, liache litanuke, kisha angalia unene wake kwa macho yako.

Kuhusu mishono: koti jepesi hushonwa moja kwa moja, kitambaa cha nje na cha ndani vikikutana, na kwenye kila mstari wa mshono hakuna manyoya. Kwa jioni za nyuzijoto 5 hakuna shida. Ukienda kwenye barafu, tafuta lile lenye vijikuta vya kitambaa ndani vinavyotenganisha vyumba.

Hatua ya 6: Mvua, na ukweli kuhusu nguo zinazopumua

Mwaka 1969 Mmarekani Robert Gore alikuwa akijaribu kunyoosha fimbo za moto za PTFE, ile plastiki inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula. Kila alipoivuta polepole ilikatika. Akaikamata moja na kuivuta kwa ghafla, ikarefuka karibu mara kumi bila kukatika. Kilichotokea ndani yake ni matundu madogo mno, makubwa ya kutosha kupitisha mvuke na madogo ya kutosha kulizuia tone la maji. Utando huo ndio Gore-Tex, na makoti mengi ya mvua ya leo ni ndugu au binamu zake.

Mvuke hautoki kwa hiari. Hutoka kwa sababu ndani kuna joto na unyevu kuliko nje. Kwenye baridi kavu tofauti ni kubwa na koti hufanya kazi. Kwenye mvua ya joto, msituni, ambako hewa ya nje imejaa unyevu, tofauti karibu haipo, na koti la bei yoyote litakulowesha kwa ndani. Si kwamba limeharibika. Huko mimi hutembea na fulana ya poliesta na mwavuli mwepesi kama hakuna upepo, au poncho inayofunika na begi, na koti nalitoa ninaposimama. Kulowa ukiwa na joto na unatembea si hatari. Kulowa na kusimama kwenye upepo ndiko kunakoangusha watu.

Kwenye lebo utaona namba kama 10,000 au 20,000 milimita. Maana yake ni safu ya maji ambayo kitambaa kilihimili kabla ya kuvuja. 10,000 ni mita 10. Mvua peke yake haina nguvu hiyo, ila mkanda wa begi unaokandamiza bega, na wewe kukaa juu ya jiwe lililolowa, hukaribia. Kwa mzigo mzito chukua namba ya juu.

Usitegemee utando peke yake. Fungua zipu za kwapani, kama zipo. Zinatoa jasho kuliko kitambaa chochote. Angalia kofia: ivae, geuza kichwa kushoto. Ikigeuka nawe, sawa. Ukijikuta unatazama bitana, liache koti hilo. Angalia mishono kwa ndani, iwe imefunikwa kwa utepe mwanzo hadi mwisho. Koti la gramu 200 hadi 350 linatosha safari nyingi. Mepesi zaidi yapo, lakini hayapendi miiba.

Kitu kingine ambacho watu hukilalamikia bure ni koti "lililoanza kuvuja." Mara nyingi halivuji. Juu ya kitambaa kuna dawa inayofanya maji yaviringike kama shanga. Uchafu, mafuta ya ngozi na moshi vikiifunika, kitambaa cha nje hulowa, kinakuwa baridi na kizito, mvuke unakwama ndani, nawe unafikiri mvua imeingia. Lioshe kwa sabuni maalumu ya nguo za namna hiyo, likaushe kwa joto la chini kama lebo inaruhusu, kisha limwagie maji. Shanga zikirudi, umeokoa pesa. Zisiporudi, nunua dawa ya kupaka upya.

Suruali ya mvua? Kwenye baridi na upepo, ndiyo. Kwenye joto, miguu ikilowa itakauka.

Hatua ya 7: Miguu, mikono, kichwa

Suruali moja ya nailoni yenye mvutano kidogo, isiyobana magoti, inatosha kwa kutembea. Chuchumaa nayo kabla ya kulipa. Wanaopenda kaptula wachukue na taiti nyembamba za kuvaa chini pindi baridi ikija.

Soksi ziwe za sufu iliyochanganywa na nailoni, jozi mbili za kutembea na moja ya kulalia. Zinazofuliwa hutundikwa nyuma ya begi.

Usemi kwamba nusu ya joto la mwili hutokea kichwani si kweli; kichwa hupoteza joto kama sehemu nyingine ya mwili yenye ukubwa ule. Hata hivyo, kofia ya sufu ya gramu 40 ndiyo nguo rahisi kuliko zote kuivaa na kuivua, na kwa hiyo ndiyo "zipu" yako ya kwanza. Glavu nyembamba za kushikia vitu, na mfuniko wa mkono usiopitisha maji juu yake ikiwa kuna mvua ya baridi. Mikono ikifa ganzi huwezi kufunga hema wala kuwasha jiko.

Hatua ya 8: Nguo ya usiku haiguswi

Fulana moja ya mikono mirefu, taiti na soksi hukaa ndani ya mfuko usioingiza maji, chini ya begi, karibu na mfuko wa kulalia. Hazitembelewi. Hata kama za mchana zimelowa na asubuhi ni ya kutisha, unavua zile kavu, unazirudisha kwenye mfuko, unavaa zile zilizolowa, unalaani kidogo, unaanza kutembea. Dakika kumi baadaye utakuwa umepata joto. Ukizivaa zile kavu njiani, jioni utakuwa huna kitu kikavu hata kimoja, na hapo ndipo mwili hupoa hadi chini ya nyuzijoto 35, kiwango ambacho madaktari hukiita haipothemia. Huanza kwa kutetemeka, kujikwaa, ulimi kuwa mzito, mtu kuanza kuacha kujali. Haihitaji theluji. Nyuzijoto 10, mvua na upepo vinatosha.

Hatua ya 9: Vaa zote kwa pamoja

Ukiwa nyumbani, vaa fulana, flisi, jaketi la upepo, koti la kujazwa na koti la mvua, moja juu ya nyingine. Inua mikono kana kwamba unashika tawi. Tumbo lisionekane. Kunja kiwiko, kitambaa kisikukabe kwapani. Vuta pumzi kamili. Koti la mvua likikandamiza manyoya yaliyo chini yake, umeua joto, maana manyoya yaliyobanwa hayana hewa. Chukua koti la mvua la saizi kubwa zaidi. Sasa vaa begi, funga mkanda wa kiunoni, uone kama mifuko bado inafikika na kama vifundo vya kofia havikuchomi shingoni. Tembea ngazi za nyumba mara tano. Majirani watakuangalia.

Ili uone namna inavyojumlika, huu ndio mzigo wangu wa nguo zisizovaliwa, kwa siku tatu kwenye milima yenye usiku wa karibu nyuzijoto 3:

- jaketi la upepo: gramu 90
- flisi nyembamba: gramu 230
- koti la manyoya: gramu 320
- koti la mvua: gramu 280
- suruali ya mvua: gramu 180
- fulana na taiti za kulalia: gramu 330
- soksi jozi mbili: gramu 140
- kofia ya sufu: gramu 45
- glavu: gramu 50

Jumla ni gramu 1,665. Hakuna fulana ya pili ya mchana. Hakuna suruali ya akiba. Kwa mtu anayehisi baridi haraka, aongeze kwenye koti la manyoya kabla ya kuongeza idadi ya nguo.

Hatua ya 10: Njiani

Anza ukiwa na baridi kidogo. Vua koti ukiwa bado umesimama, hata kama meno yanagongana, kwa sababu baada ya dakika kumi za kupanda utalivua tu, likiwa limelowa. Hiyo dakika ya kumi ikisimamishe kikundi kizima: kila mtu avue, afungue, aendelee. Ningefanya hivyo siku ile nisingeona aibu.

Mkifika mahali pa kupumzika, geuza utaratibu. Toa koti la manyoya *kabla* hujakaa, kabla hujafungua chakula. Joto ulilo nalo ni lile ulilolitengeneza ukipanda, na linaondoka dakika hiyohiyo. Koti huhifadhi joto lililopo, halitengenezi jipya. Kwa hiyo likae juu kabisa ya begi. La mvua likae mfuko wa nje. La upepo nimeshasema.

Ukirudi nyumbani, kabla ya kufua, tandaza nguo zote sakafuni kwa mafungu matatu: zilizotumika kila siku, zilizotumika mara moja, zisizoguswa. Koti la mvua na glavu huruhusiwa kuwa kwenye fungu la tatu. Nyingine yoyote iliyokaa hapo safari mbili mfululizo ipimwe tena, na ijieleze.

Fua bila dawa ya kulainisha nguo, kwani huziba nyuzi zinazotandaza jasho. Koti la manyoya likaushwe taratibu kwa joto la chini pamoja na mipira miwili ya tenisi inayoyapiga mabonge yakatawanyika, kisha litundikwe. Ukilihifadhi likiwa limebanwa kwenye mfuko wake mdogo, baada ya miezi halitatanuka kama zamani. Sweta moja ya kijivu, gramu 410, imekuwa kwenye fungu langu la tatu safari nne sasa. Niliipewa zawadi, na bado naibeba.